Kreti ya Soda Mlangoni mwa Ghala

Embu, 6 Januari 2025

Kwako Baba,

Pokea salamu kutoka huku Embu. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini wewe na Mama mko salama, kwamba yule ng'ombe mweusi amezaa bila shida, na kwamba baridi ya asubuhi haijakurudia mgongoni. Hayo ndiyo yanayopaswa kuulizwa, na nimeyauliza. Sasa nisikilize. Yaani nisome, kwa sababu masikio yako uliyaacha kwenye kinu cha posho miaka ile ukisagia watu mahindi, na ndiyo maana naandika kwa kalamu kama watu wa zamani. Kukupigia simu ni kazi bure, na ujumbe ukiingia kwenye simu yako inayochajiwa dukani husomwa na duka zima kabla haujakufikia.

Nimepata kazi. Ni ofisi moja kubwa hapa mjini. Ina chumba kisicho na dirisha, kimejaa kompyuta zinazotunza kumbukumbu zao zote, na kazi yangu ni kuona joto la chumba hicho halibanduki kwenye nyuzi ishirini na mbili na unyevu wa hewa haubanduki kwenye hamsini kwa mia. Unyevu ukizidi, vyuma vinashika kutu. Ukipungua sana, cheche ndogo za umeme zinaruka na kompyuta inakufa. Ni kazi ile ile niliyowafanyia viazi vyenu vya mbegu kwenye ghala la baridi la ushirika, ila huku hakuna mwenyekiti.

Niko kwa majaribio hadi mwisho wa Machi. Ili niandikwe kabisa, bosi anataka barua kutoka mahali nilipofanya kazi kabla. Baba, unajua barua niliyo nayo inasema nini. Wewe ndiye katibu wa ushirika. Wewe ndiye uliyeisoma mbele ya watu mwezi wa kumi, kwa sauti yako kubwa ya mtu asiyejisikia: "Kwa uzembe wa mtunzaji wa mashine, Kendi Mwirigi, mbegu ya familia sitini na tatu katika chumba cha kwanza imeharibika." Uzembe! Mimi niliyeingia ghalani mara nne kwa siku na daftari mkononi, niliyelinda nyuzi nne na unyevu tisini miezi miwili bila kukosa hata siku moja kwa hiari yangu! Hata magunia yangu mawili yaliyo chumba cha pili niliyachambua kiazi kwa kiazi.

Nilikosekana siku tatu tu, kuanzia Alhamisi tarehe kumi na tisa Septemba. Na ni wewe uliyenituma Kaaga nikamtengenezee shangazi Nelius friji ya kantini yake, ambayo ugonjwa wake wote ulikuwa waya wa plagi uliolegea. Nikitaka kurudi siku hiyo hiyo, ukatuma ujumbe nikae hadi Jumapili niende kanisani na shangazi. Jumamosi ya siku hizo mwenyekiti wenu Kithaka alipokea wageni wa ruracio, sherehe ya mahari ya binti yake. Niliporudi nilikuta kizibo cha soda chini ya magunia na harufu ya mbuzi ghalani. Nilisema hayo mkutanoni. Unakumbuka mwenyekiti wako alivyocheka? "Huyu msichana anataka kuharibia mtoto wangu ndoa." Watu wakacheka naye. Wewe ukatazama meza.

Sitaki niombwe radhi na Kithaka. Nataka barua yenye mhuri inayosema ukweli. Basi.

Kendi


Ruiri, 14 Januari 2025

Kwako mama yangu Kendi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Barua yako ilifika Alhamisi, dereva wa matatu aliiacha kwa mama wa mitumba pale stegi, kituoni, na yeye akaniletea mwenyewe, ameikunja kwenye leso. Sisi ni wazima. Ng'ombe amezaa dume, na mama yako Felicitas anasema limefanana nami kwa sababu haligeuki likiitwa. Maharagwe yamekauka vizuri. Mgongo ni ule ule, haujapata mwingine.

Nimeona hukuandika "binti yako" pale chini. Umeandika Kendi, kama karani wa benki. Sawa. Jina hilo ni la marehemu mama yangu, na siku nilipokupa nilijua nimejitafutia mtu wa kunigombeza hadi uzeeni.

Kuhusu barua unayotaka, mwanangu, mambo ya kamati si ya mtu mmoja. Na Kithaka si mtu wa nje kwangu. Tulitahiriwa siku moja, tukalala kibanda kimoja tukipona. Unajua hilo lina uzito gani huku kwetu. Mtu wa rika lako humwambii hapana mbele ya watu. Ngoja mambo yapoe kidogo. Subira huvuta heri.

Lakini nina jambo la kukuuliza, maana sina mwingine. Mashine ya chumba cha pili inaendeshwa na Misheck, shemeji ya Kithaka, yule aliyekuwa akiuza viatu Meru mjini. Juzi niliingia nikakuta kipimo cha unyevu kinasoma sitini. Nilimwuliza akaniandikia kwenye kiganja chake, maana ana haraka: VIAZI HAVITAKI MAJI. Amezima ile birika inayopuliza mvuke. Anasema kila mkulima anajua unyevu huozesha kiazi, na kweli hata babu yangu alitandaza viazi juani. Viazi vya juu nimevigusa, vimeanza kulegea kama shavu langu. Hiyo ni mbegu ya kupanda mvua ya Machi, na wengi hawana nyingine. Nifanye nini?

Ubarikiwe huko uliko.

Baba yako,
Mwirigi


Embu, 20 Januari 2025

Kwako Baba,

Salamu. Mimi mzima, nyinyi wazima, ndama mzima. Tumemaliza.

Subira huvuta heri! Nimesubiri tangu mwezi wa kumi na sijaiona hata kivuli chake. Kithaka ni wa rika lako; mimi je, ni wa nani? Na uache kuniita mama. Jina la mama yako unalikumbuka ukiwa na shida ya viazi, lakini ulipolisoma kwenye ile barua pamoja na neno "uzembe" hukumeza hata mate.

Ningeweza kukujibu kwamba umwulize muuza viatu. Lakini viazi havijanikosea. Kwa hiyo fanya haya, na uyafanye kwa mkono wako, si kwa kutuma mtu.

Kwanza uwashe hiyo birika leo. Viazi vya babu yako vilikaa juani wiki moja vikaliwa. Hivi vinakaa miezi minane mbele ya feni inayovuma mchana kutwa, na hewa kavu inavinyonya maji hadi jicho linakufa. Kinachoozesha ni maji yanayokaa juu ya kiazi, si unyevu ulio hewani. Mwambie Misheck hivyo, umwandikie kwenye kiganja.

Pili, ukifungua birika utakuta imejaa kitu cheupe kigumu. Hiyo ni chumvi ya maji ya kisima. Niliwaandikia ukutani kwa chaki: MAJI YA MVUA TU, kutoka kwenye tangi la bati. Mmefuta? Mimina siki, iache hadi jioni, kisha usugue na usuuze.

Tatu, usiamini kipimo cha ukutani peke yake. Chukua vipimajoto viwili. Kimoja kifunge kitambaa kilicholowa kwenye ncha, kingine kiache kikavu, vining'inize mbele ya feni dakika kumi. Cha kitambaa kitasoma chini kidogo. Tofauti ikizidi nyuzi moja, hewa yako ni kavu mno.

Nne, weka karatasi kwenye mlango, ufunge, uivute. Ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umekufa na unapoza Ruiri nzima bure. Tano, kile kikapu cha mapezi ya bati kilicho nje, kinachotoa joto la mashine, kimejaa vumbi, najua hata bila kukiona. Kisugue kwa brashi laini kwa kuyafuata mapezi. Ukiyakata kwa upande yatapinda, na mashine itahema kama mtu mwenye pumu.

Usifikiri ni Ruiri peke yake. Juzi hapa ofisini niliingia nikakuta keki ya siku ya kuzaliwa juu ya kabati la kompyuta, na mlango umewekewa kiti usijifunge. "Fundi, si ni ya dakika kumi tu!" Niliitoa hiyo keki mwenyewe hadi korido, na mishumaa yake. Watu wote wako hivyo: wakiona baridi wanaona friji yao.

Sasa, na mimi nataka kitu. Nitumie daftari langu, lile la jalada jekundu. Ndani yake nimeandika kila kipimo cha asubuhi, adhuhuri, alasiri na magharibi. Bosi akiliona atajua mimi ni nani hata bila mhuri wenu.

Kendi


Ruiri, 1 Februari 2025

Kwako Kendi,

Sijakuita mama, kama ulivyoagiza. Pokea salamu zetu. Mama yako amepata mafua lakini yanaisha. Mimi nina afya, na nina mikono iliyochubuka kwa siki.

Nimefanya yote matano. Ile chumvi ilikuwa nene kama ukoko wa ugali. Niliisugua asubuhi nzima huku Misheck amesimama nyuma yangu akisema maneno ambayo nashukuru Mungu sikuyasikia. Karatasi ilitoka mlangoni bila kukwama hata kidogo, nikaagiza mpira mpya Meru na kuubandika mwenyewe. Mapezi nimeyasugua kwa kuyafuata. Vumbi lililotoka lingejaza debe.

Vipimajoto vyako viwili nimevining'iniza kwa uzi wa Felicitas wa kushonea. Siku ya kwanza tofauti ilikuwa nyuzi tatu. Jana ilikuwa sita juu ya kumi ya nyuzi moja. Nilisimama hapo nikivitazama hadi nikasahau chai. Sikujua kazi yako ni kutazama kitu kidogo hivyo, kila siku, bila mtu kukusifu. Nilidhani unabonyeza vitufe tu halafu unakaa.

Misheck ameacha kuja. Anasema kama mzee anataka kazi, achukue. Basi ninaenda mimi, mara nne kwa siku, nikiandika kwenye karatasi.

Daftari nimelitia ndani ya bahasha hii. Kuna mahali panya wamelila kidogo. Usikasirike, unajua panya wa ghalani.

Baba yako,
Mwirigi


Embu, 7 Februari 2025

Baba,

Nashukuru kwa viazi. Mama apewe tangawizi.

Panya wa Ruiri wamesoma kweli. Wameruka karatasi zote, wakaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa tarehe kumi na tisa hadi ishirini na mbili Septemba, wakaukata kwa rula. Hawakugusa hata ncha ya ukurasa wa jirani. Panya wa namna hiyo angefaa kuwa katibu.

Ukurasa huo ulikuwa na mistari mitupu ya siku nilizokuwa Kaaga, na chini yake nilichokikuta Jumapili: maji sakafuni, harufu ya nyama, kizibo cha soda. Basi. Ni nani aliyeukata? Kithaka ana ufunguo wa kabati la ofisi? Unamwogopa kiasi hicho? Nilikuwa nimeanza kukuhurumia, nikikuwaza na siki yako.

Niandikie jina la aliyeukata.

Kendi


Embu, 21 Februari 2025

Baba,

Jina nililokuuliza hukuniandikia, na leo sina salamu. Utanisamehe au hutanisamehe.

Mutegi alipita hapa Jumatano. Unamkumbuka, yule fundi aliyezifunga mashine zenu. Alikuja Ruiri mwezi huu kwa huduma ya mwaka, ukampikia chai, ukamwonyesha vipimajoto vyako. Anasema chumba cha pili kimetunzwa kama mtoto mchanga. Kisha akanipa karatasi. Katika huduma ya mwaka huwa anachomoa kumbukumbu za mashine zote mbili, kwa sababu mashine hizi, Baba, zina daftari lao ndani. Hamkulijua hilo. Mimi mwenyewe sikujua kwamba linarudi nyuma miezi sita.

Nakuandikia kama lilivyo. Alhamisi tarehe 19 Septemba, saa tatu na dakika arobaini asubuhi: joto la chumba cha kwanza limeteremshwa kutoka nne hadi moja chini ya sufuri. Saa tatu na dakika arobaini na mbili: mvuke umezimwa. Ijumaa: mlango umekaa wazi kwa muda wa saa tisa. Jumamosi: mlango wazi kwa muda wa saa kumi na moja, barafu imeziba koili, yale mabomba ya baridi, feni haipitishi hewa, joto la nyuma ya chumba kumi na sita. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi: joto limerudishwa nne, mvuke umewashwa. Mimi niliingia saa nane mchana nikaona nne, kama nilivyoiacha.

Kwa hiyo viazi vya mbele viliganda, vya nyuma vikatoka jasho, na vyote vikafa polepole ndani ya magunia hadi mlipovifungua mwezi wa kumi na kunitazama mimi.

Na kando ya kila mstari mashine imeandika ni nambari ya nani iliyobonyezwa. Mashine hiyo ina nambari za siri mbili tu. Ya kwanza ni yangu, na haipo popote siku hizo. Ya pili niliiweka siku ya kwanza, nikaiandika kwenye kikaratasi nikakupa wewe peke yako, nikakwambia, "Kama nimekufa barabarani, tumia hii."

Nambari ya pili. Mistari yote. Hata ya Jumapili alfajiri, ya kuficha.

Nimekuwa nikimlaani Kithaka miezi minne. Nilimwambia Mama kwamba wewe umelazimishwa kusoma barua, kwamba moyo wako uko nami. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Na ile safari ya Kaaga! Wewe ulinitoa njiani kama mtu anayemfungia mbwa kabla wageni hawajafika.

Mkutano mkuu ni Jumamosi tarehe kumi na tano Machi. Ningeweza kuja na karatasi hii niisome mwenyewe, kwa sauti, kama ulivyonisomea. Mutegi alinihimiza nifanye hivyo. Sitakuja. Sitasimama mbele ya watu wa Ruiri kusema baba yangu ni mwongo. Karatasi yenyewe iko ndani ya bahasha hii. Nakala sikutoa, na Mutegi amenihakikishia mashine imeanza kuandika upya juu ya miezi ya zamani. Ukiichoma, imekwisha, nami nitabaki mzembe hadi kaburini.

Fanya utakalo.

Kendi


Embu, 10 Machi 2025

Baba,

Wiki mbili na zaidi. Dereva anasema bahasha alikukabidhi mkononi.

Bosi ameniuliza tena.

Kendi


Ruiri, 16 Machi 2025, Jumapili

Kwako Kendi,

Nakusalimu kwa mara ya kwanza bila uongo ndani ya salamu. Sisi ni wazima. Mvua ilianza Ijumaa, ndogo ndogo, na watu wameanza kutoa mbegu chumba cha pili. Imechipua vizuri, macho mafupi na manene, kama ulivyotuonyesha kwenye picha.

Nitakuambia yote. Jumatano ile ya Septemba Kithaka alinijia shambani, akaniandikia mchangani kwa fimbo, kama alivyozoea: WAGENI MIA MBILI. Akaniambia nyama itaharibika. "Mwirigi, hiyo ghala ni yetu, si ya mtoto wako. Siku mbili tu." Hayo niliyasoma mdomoni mwake. Nikamwambia kwamba Kendi hatakubali. Akasema, "Basi mtoe." Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kupanga kukutoa. Jumanne, siku moja kabla, Kithaka alikuwa amenidokezea, nami nilikwenda kwa Nelius na mkungu wa ndizi nikalegeza ule waya wa plagi kwa kidole changu. Kithaka hakuhitaji kunilazimisha. Niliona fahari. Mtu wa rika langu ana sherehe kubwa, na mimi ndiye mwenye nambari ya mashine ya kisasa.

Tuliingiza mbuzi saba, mikate, ndizi na soda. Nilipunguza joto ili soda zipoe haraka. Nilizima mvuke kwa sababu ulikuwa unalowesha mikate. Watu waliingia na kutoka, na mlango ukaegemezwa kreti ya soda usiwasumbue. Nilipita mara tatu nikaiona hiyo kreti. Sikuiondoa hata mara moja, nisionekane mchoyo. Jumamosi koili ikawa jiwe la barafu, wakaimwagia maji ya moto. Na hata ndizi za Kithaka zilitoka nyeusi tititi, wageni wakadhani wanatukanwa. Hicho ndicho kitu pekee alichonilaumu.

Sikujua viazi vitakufa. Nilipojua, nilikuwa nimeshakaa kimya, na kimya kikizoeleka ni kigumu kukivunja. Ukurasa niliukata mimi, kwa rula, ndiyo.

Karatasi yako niliishika siku tatu. Siku ya nne niliipeleka jikoni. Nilikuwa nimekwisha kuisogeza kwenye moto, ncha yake utaiona imeungua, maana nakurudishia humu ndani ya bahasha. Kisha nikakumbuka ni saa ya kwenda kuandika kipimo cha adhuhuri. Nikaenda nayo mfukoni. Nikaviangalia vile vipimajoto viwili, kile cha kitambaa na kile kikavu, nikaandika nilichokiona, na mkono wangu ukakataa kurudi jikoni. Niliificha ndani ya Biblia. Felicitas akaiona. Tangu siku hiyo mama yako hajanisemesha. Mimi sisikii, lakini najua tofauti ya kutosikia na kutosemeshwa.

Jana nilisimama. Niliisoma karatasi mstari kwa mstari, na saa zake. Nilipofika "nambari ya pili" nikawaambia: nambari ya pili ni mimi. Nikasema neno "uzembe" kwa sauti ile ile, na jina langu mbele yake. Watu walisimama, wakanyoosha vidole, midomo ilikwenda kama mashine ya kushona. Sikusikia hata neno moja, Kendi. Nilisimama tu mbele ya kelele zao, na uziwi wangu haukunisaidia chochote. Kithaka alivaa kofia yake akatoka. Sidhani tutazungumza tena katika dunia hii.

Wameifuta ile barua ya Oktoba. Kithaka si mwenyekiti tena, na mimi si katibu. Magunia yangu yote kumi na moja ya chumba cha pili yatagawiwa waliopoteza. Ni haki. Mwaka huu sitapanda. Kabla ya kuwakabidhi mhuri niliomba dakika moja, nikaandika hii barua ya bosi wako, wanachama wakaisoma, na ndiyo kazi ya mwisho uliyonifanyia mhuri huo. Wanataka urudi. Nimewaambia wakuandikie wenyewe, mimi si mjumbe wa mtu.

Limebaki moja. Kwetu mzazi hamwombi mtoto wake msamaha. Sikuwahi kumwona baba yangu akifanya hivyo, wala yeye babake. Nimeitafuta njia wiki tatu sikuiona. Lakini wewe una jina la mama yangu, na mtoto humwomba mama yake msamaha, hata akiwa na mvi. Ulikataa nikuite hivyo nikiwa na shida ya viazi. Leo viazi ni vizima. Nakuita kwa shida yangu mwenyewe.

Nisamehe, mama.

Mwanao,
Mwirigi


Embu, 20 Machi 2025

Kwako mwanangu Mwirigi,

Salamu. Umekula? Mgongo unaufunika asubuhi? Mwambie Felicitas akusemeshe sasa, nimesema mimi.

Bosi amepokea barua. Aliisoma akaniuliza kwa nini inanuka moshi. Nimeandikwa kazi.

Nimekusoma mara tatu. Bado nina hasira. Waya wa plagi, Mwirigi! Kwa kidole chako! Hasira hiyo itakaa muda wake na sitaki mtu aniharakishe. Nitakuja Pasaka, na kabla ya chai nitaingia ghalani. Ole wako nikute chumvi kwenye birika.

Yale magunia yangu mawili ya chumba cha pili, uyachukue uyapande. Usidhani nimekwisha kukusamehe. Shamba halijanikosea.

Mama yako,
Kendi